SOMO: KUPUNGUZA UZITO WA SAUTI KABLA YA KUIWEKA KWENYE INTANETI

Vikundi vingi siku hizi vinarekodi masomo yao. Mwalimu wa mifugo akija kufundisha juu ya kupe, katibu anatoa simu, anabonyeza, na baada ya dakika 30 somo lote limehifadhiwa. Ni jambo zuri, maana tunao wazee na kina mama ambao karatasi haiwafai sana lakini masikio yao ni mazima. Shida inaanza somo likishawekwa kwenye intaneti. Mwanachama anabonyeza asikilize, na bando inaisha kabla mwalimu hajamaliza kusalimu watu.

Hebu tupige hesabu. Sauti iliyorekodiwa kwa muundo wa WAV, ule usiopunguza kitu, hata ikiwa ya mkondo mmoja tu, inakula karibu megabaiti 5 kwa kila dakika. Somo la dakika 30 linafika kama megabaiti 160. Kikundi cha watu 25 wakilichukua wote, hiyo ni gigabaiti 4 zimelipiwa kutoka mifukoni mwao. Somo hilo hilo likigeuzwa kuwa Opus kwa kilobiti 24 kwa sekunde linakuwa megabaiti 5 na nusu hivi. Watu wote 25 pamoja hawatamaliza megabaiti 150.

Hapo mtu atauliza: sauti imeenda wapi? Ni kama kupukuchua mahindi. Ukipeleka mahindi sokoni na magunzi yake, unalipia gari libebe kitu ambacho mnunuzi hatakila. Programu inachunguza sauti na kutupa yale ambayo sikio haliyasikii, kwa mfano mlio mdogo uliofunikwa na mlio mkubwa ulio karibu nao. Lakini ukishapukuchua, huwezi kurudisha punje kwenye gunzi. Kwa hiyo faili ya kwanza msiifute. Iwekeni kwenye flashi, na nakala nyingine kwa kompyuta ya mtu mwingine. Mkitaka kuibana bila kupoteza chochote, igeuzeni kuwa FLAC.

Opus ni muundo wazi. Ulikubaliwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012, maelezo yake yako wazi kwa kila mtu, na hakuna anayelipwa ada ukiutumia. MP3 ilikuwa na ada kwa watengenezaji wa programu mpaka haki zake zilipokwisha. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifunga mpango wake wa leseni mwaka 2017. Leo nayo ni huru, ila ni mzito zaidi kwa maneno ya kuongea. Tunasisitiza uwazi kwa sababu ya kesho. Katika miaka ya 1990 sauti nyingi za intaneti ziliwekwa kwa RealAudio, muundo wa kampuni moja, na simu nyingi za leo haziwezi kuzifungua. Kumbukumbu ya kikundi isipatwe na hayo.

Sasa kazi yenyewe. Tumieni programu ya FFmpeg, ni ya bure. Wekeni faili mahali pamoja, ipeni jina fupi lisilo na nafasi katikati, halafu andikeni:

ffmpeg -i somo.wav -ac 1 -c:a libopus -b:a 24k somo.opus

Hiyo "-i" inatangulia faili inayoingia. "-ac 1" ni mkondo mmoja, maana mwalimu ana mdomo mmoja. "libopus" ndiyo inayopukuchua, na "24k" ndicho kipimo. Kwa kwaya andikeni 96k na muache "-ac 1", la sivyo waimbaji watasikika kama wamefungiwa kwenye debe.

Sauti za WhatsApp, zile za kubonyeza na kuongea, tayari ni Opus. Msizigeuze tena. Kila kugeuza kunapunguza kitu, na hata MP3 ikigeuzwa kuwa Opus inapoteza mara ya pili. Anzeni na faili ya kwanza kila mara.

Kuna jambo moja la kuangalia. Simu za iPhone za zamani kidogo hazifungui faili ya Opus ya namna hii. Mwambieni kijana anayewatengenezea ukurasa aweke faili mbili, Opus kwanza na MP3 nyuma yake. Simu itachukua ile ya kwanza inayoiweza. Tena aandike preload="none", ili sauti isianze kuvutwa kabla mtu hajabonyeza. Hili dogo linaokoa bando nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Kabla ya kulitoa somo, lijaribuni. Chukueni simu ya bei ya chini kabisa katika kikundi, mkae nje penye upepo na kuku, na mumpe mzee asikilize. Mwambieni arudie kipimo cha dawa ya kupe alichokitaja mwalimu. Kama saba imemfikia kama sita, rudini kwenye faili ya kwanza na mjaribu 32k. Ikiwa bado haisikiki, basi tatizo liko kwenye kurekodi: simu iliwekwa mbali, na hakuna programu itakayorudisha neno ambalo halikuingia. Siku nyingine iwekwe mezani, mbele ya mwalimu.