Funga ubao vizuri mbele ya kukata



Tukitengeneza mizinga ya fremu, mtindo wa Langstroth, tunakata ngazi ndogo juu ya ubao wa mbele na wa nyuma. Fremu zinaegemea pale. Ngazi hiyo tunaikata kwa toupie: kisu kinatokea chini ya meza na kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Nimeona kijana mmoja akisukuma kipande kifupi kwa vidole. Kisu kilikinyakua, kikaruka mpaka ukutani, na kidole kikaumia vibaya. Na hata kama mtu hakuumia, ubao ukicheza ngazi inakuwa na mawimbi. Nyuki wanapenda njia ya milimita 6 mpaka 9. Fremu ikikaa vibaya, wanaigandisha kwa gundi yao, na siku ya kuvuna inakuwa shida.

Fanyeni hivi:

1. Toa waya kwenye umeme mbele ya kugusa kisu. Kaza kisu, kaza pia ubao wa kuongoza kwa vibano viwili.

2. Chagua ubao mkavu, ulionyooka, bila msumari wala fundo lililolegea.

3. Tengeneza kitana cha mbao: ubao uliokatwa mshazari, wenye meno marefu membamba. Kibane kwa meza, upande wa kulia wa kisu, meno yakielekea kushoto. Kinasukuma ubao uegemee kiongozi, na kinauzuia kurudi nyuma.

4. Ukisimama mbele ya meza, sukuma toka kulia kwenda kushoto. Ukigeuza, kisu kitauvuta ubao pamoja na mkono wako. Usipitishe ubao katikati ya kisu na kiongozi hata siku moja.

5. Maliza kwa kipande cha mti cha kusukumia, hapana vidole.

6. Kata milimita 3 tu, kisha inua kisu kidogo na urudie, mpaka milimita 10.

Kipande kifupi kuliko mkono wako, toka kiwiko mpaka vidole, usikipitishe. Kata ngazi kwenye ubao mrefu kwanza, halafu pima na ukate vipande.

Vaa miwani. Glovu na mikono mirefu ya shati, hapana: kisu kinazivuta.

Kwa mkutano ujao: jaribuni kitana chenu mashine ikiwa imezimwa. Ubao ukikubali kwenda mbele na kukataa kurudi, muko tayari.