Betri ya Boda Imelala? Pima Kwanza Kabla ya Kutuma Pesa

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mteja wako wa kila siku amesimama getini na mkoba wake, anataka kuwahi matatu ya kwanza. Unabonyeza staata: tik, tik, tik, halafu kimya. Unapiga kiki mara saba ndipo injini inashika. Ukifika steji, mwenzako anakuambia, "Boss, hiyo betri imekufa. Nunua ingine tu." Kufikia saa tatu umeshalipa kwa simu na betri mpya iko chini ya kiti. Miezi miwili baadaye, asubuhi ingine: tik, tik, tik.

Kama umewahi kupitia hapo, somo la leo ni lako. Betri iliyolala si lazima iwe betri iliyokufa. Kuna washukiwa watatu:

1. Betri yenyewe imechoka.
2. Betri ni nzima, lakini pikipiki haiichaji vizuri.
3. Betri ni nzima na inachajiwa, lakini kuna kitu kinaila usiku ukiwa umelala.

Ukinunua betri mpya na shida ilikuwa namba 2 ama 3, ile mpya itaenda njia ile ile. Utakuwa umelipa mara mbili, na shida bado iko. Kupima kunachukua asubuhi moja, na vifaa ni vichache: spana, kitambaa, na mita ya kupimia umeme. Mita ndogo ya kawaida inatosha. Kama huna, wenzako kwa steji wanaweza kuchanga mkanunua moja ya chama.

Dalili za kuangalia

Honi imekuwa na sauti ya mgonjwa. Indiketa zinawaka polepole ama zinakataa kabisa injini ikiwa imezimwa. Staata inalia tik tik bila kuzungusha injini. Hizo ndizo dalili za kweli.

Lakini usihukumu betri kwa taa kubwa ya mbele peke yake. Kuna pikipiki ambazo taa hiyo inapata umeme moja kwa moja kutoka kwa koili ya injini. Kwa hizo, taa kufifia ukipunguza mafuta na kung'aa ukiongeza ni kawaida, hata betri ikiwa mpya. Tumia honi na indiketa, injini ikiwa imezimwa.

Anza na yale ya bure

Kabla ya mita, tumia macho na mikono.

Angalia vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa. Ukiona unga mweupe ama wa kijani, umeme unapita kwa shida. Zima pikipiki, toa ufunguo, kisha fungua waya wa hasi (–) kwanza, halafu wa chanya (+). Changanya kijiko cha magadi yale ya kupikia githeri na maji ya moto, osha vichwa kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Hakikisha maji hayo hayaingii ndani ya betri. Ukirudisha, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Mpangilio huu unazuia spana yako isigonge fremu na kutoa cheche. Maliza kwa kupaka grisi kidogo juu.

Kisha shika kila waya uutingishe. Ukicheza, kaza. Betri nyingi zimeuzwa kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Mwisho, angalia mwili wa betri. Kama umevimba, umepasuka ama unavuja, hapo hakuna haja ya kupima. Hiyo imeisha, na usijaribu kuichaji.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imepumzika

Iache pikipiki usiku kucha bila kuiwasha. Asubuhi, weka mita kwenye DCV 20, waya mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi. Soma:

- Volti 12.6 hadi 12.8: imejaa.
- Volti 12.4: kama robo tatu hivi.
- Volti 12.2: nusu.
- Volti 12.0 ama chini: karibu imeisha, inahitaji kuchajiwa.
- Karibu volti 10.5, na haipandi hata baada ya chaji: chumba kimoja ndani kimekufa.

Hiyo ya mwisho ina hesabu yake. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa kama volti 2.1. Sita mara 2.1 ni 12.6. Toa chumba kimoja, unabaki na 10.5. Hapo hata fundi bingwa hatakusaidia.

Kama ilisoma chini ya 12.4, ichaji ijae kabla ya kuendelea. Vipimo vinavyofuata havisemi ukweli kwa betri yenye njaa.

Kipimo cha pili: ukibonyeza staata

Mita ikiwa bado imeunganishwa, bonyeza staata huku ukiangalia namba. Kushuka ni kawaida. Lakini betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.5 hivi, haina nguvu tena. Inaonyesha 12.6 vizuri ikipumzika, ila ikipewa kazi inaanguka. Huyo ndiye mshukiwa wa kwanza.

Kama haikushuka sana na staata bado inalia tik tik, angalia waya za staata na swichi yake kabla ya kulaumu betri.

Kipimo cha tatu: injini ikiwaka

Washa injini, ongeza mafuta kiasi, kama vile unatembea barabarani. Soma mita tena.

- Kati ya volti 13.5 na 14.5: inachajiwa sawa.
- Imebaki 12 na kitu, haipandi: haichajiwi. Kagua fyuzi, waya, koili na regyuleta, kile kidude cha aluminiamu chenye mapezi.
- Zaidi ya volti 15: inachajiwa kupita kiasi. Regyuleta ina shida.

Kipimo hiki ndicho watu wengi huruka, na ndicho kinachookoa pesa nyingi zaidi. Regyuleta mbovu inaweza kuinyima betri chaji, ama ikaichemsha hadi maji yakauke. Betri mpya ikiwekwa kwa pikipiki kama hiyo inaharibika vile vile. Ukiona betri zinakufa haraka na balbu zinaungua kila mara, usirudi dukani. Nenda kwa fundi wa umeme wa pikipiki na umwambie namba ulizosoma. "Fundi, ikiwaka inasoma 15.6" ni maneno tofauti kabisa na "Fundi, sijui inataka nini."

Kipimo cha nne: mwizi wa usiku

Kama vipimo vitatu vimepita na bado asubuhi betri iko chini, kuna kitu kinakula pikipiki ikiwa imezimwa. Washukiwa ni alamu, redio, taa za kuongezwa, chaja ya simu iliyofungwa moja kwa moja kwa betri, ama waya uliochubuka.

Njia rahisi ni hii. Jioni, betri ikiwa imejaa, fungua waya wa hasi uuache wazi hadi asubuhi. Rudisha, kisha ujaribu staata. Kama ina nguvu, basi mwizi yuko kwenye waya za pikipiki. Kama imeshuka hata bila kuunganishwa na kitu, betri yenyewe haishiki chaji.

Usidharau kitu kidogo. Kifaa kinachokula ampea 0.05 tu kinamaliza 1.2 kwa siku. Betri ya 5Ah itakuwa imekauka kwa siku nne hivi pikipiki ikikaa bila kazi. Ukisafiri ushago kwa wiki mbili, utarudi ukute kimya.

Tahadhari kwa wenye pikipiki za mkopo: usikate waya wa kifaa cha kufuatilia pikipiki, hata ukikishuku. Kufungua betri pia kunaweza kutuma ishara kwa aliyekukopesha kwamba pikipiki imeguswa. Mpigie simu kwanza, umweleze unapima betri. Kama kifaa chenyewe kina shida, yeye ndiye wa kukirekebisha.

Kuitunza ili idumu

Wasifu wa betri umeandikwa juu yake, kwa mfano 12V 5Ah. Namba ya pili ndiyo inayokuambia chaji yake: gawanya kwa kumi. Betri ya 5Ah ichajiwe polepole kwa ampea 0.5, kama saa kumi hivi. Ukiipeleka kwa mtu wa kuchaji betri za lori na akaipiga chaji kubwa ndiyo uondoke haraka, anaiua.

Chaji mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na chumba cha kulala. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Kama betri yako ina vifuniko vya kuongeza maji, angalia alama za juu na chini kila mwezi. Yakipungua, ongeza maji maalum ya betri, yale yaliyosafishwa. Usiongeze maji ya mfereji, na usiongeze asidi. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki ndani. Betri iliyofungwa kabisa haifunguliwi, hata ukishauriwa aje. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 ama zaidi, kisha nenda hospitali mara moja.

Usiiache betri ikae bila chaji. Ikilala tupu kwa wiki kadhaa, ndani yake hujengeka chumvi ngumu ambayo chaji haiwezi kuitoa tena. Pikipiki isipofanya kazi, ichaji angalau mara moja kwa mwezi ama ufungue waya wa hasi.

Na kwa kazi ya kila siku: safari fupi fupi, staata kila baada ya mita mia tano, huku simu inachaji na honi inalia, betri haipati nafasi ya kurudisha ilichotoa. Asubuhi injini ikiwa baridi, tumia kiki kama unayo.

Ukilazimika kununua

Umepima, na jibu ni betri. Sawa, sasa toa pesa, lakini kwa mpango.

Linganisha namba. Betri mpya iwe na volti, ampea na ukubwa ule ule wa ya zamani. Angalia tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa sana kwa rafu inaweza kuwa imeshaanza kuchoka. Omba ipimwe mbele yako. Uliza pia watapunguza ngapi ukiwaachia ile kuukuu. Ina risasi ndani, inauzika, na haifai kutupwa mtaroni.

Lipa kwa Till ya duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwa simu. Kama umeambiwa duka la spea na jina ni la mtu usiyemjua, simama uulize. Pesa ikishatumwa kwa mtu binafsi ambaye hutamwona tena, kuifuata ni kazi.

Usitume diposti kwa muuzaji wa mtandaoni unayemjua kwa picha tu, hata kama bei ni poa sana. Lipa ukiwa umeshika betri.

Usifute ujumbe wa malipo. Una tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Ukipewa garanti, iandikwe kwenye risiti, kisha uandike namba ya muamala kando yake. Betri ikikataa ndani ya muda wa garanti, hutabishana kwa maneno matupu. Na mtu akikupigia akisema ni sisi, anataka PIN "arudishe pesa ya betri", kata simu. Sisi hatuulizi PIN ya mtu.

Mwisho, jiandae kabla haijalala. Ukiweka kando Sh20 kila siku ya kazi, kwa siku 26 ni Sh520 kwa mwezi. Kwa miezi sita umefika Sh3,120 bila kukopa na bila kukosa nauli za asubuhi. Weka mahali tofauti na pesa ya mafuta, maana pesa ya mafuta haiulizi ruhusa.

Fanya hivi leo jioni

Ukipaki pikipiki, safisha vichwa vya betri na ukaze nati. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, pima na uandike namba kwenye simu yako pamoja na tarehe. Rudia kila mwezi. Siku namba itakapoanza kushuka, utajua mapema, ukiwa na muda wa kutafuta sababu, wala si saa kumi na moja na nusu mteja akiwa amesimama getini.