Kupatwa kwa Jua na Mpango wa Ulimwengu

Wako wasemao kuwa ulimwengu huu hauna mpango. Na wako, hapa petu pwani, waaminio kuwa kila nyota ina neno na kila mtu. Wote hao twawajibu kwa jambo moja.

Mwaka wa 10 wa Hijra alikufa Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), naye angali mtoto mchanga. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Lau Mtume angekuwa mtaka ukubwa, angenyamaza. Yeye aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake.

Wenye hesabu wamekwisha kutaja kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na giza kamili lipite Makka. Kisicho na mpango hakihesabiki. Na kinachofuata mpango asichojiwekea si mungu, bali ni mtumwa wa amri.

Tena, ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, ni nyota gani itakayojishughulisha na biashara zetu na ndoa zetu? Mbona basi twamlipa mtazamia nyota, na mgonjwa yu ndani hajapelekwa kwa tabibu? Falaki ya hesabu ni ilimu, na tuwasomeshe watoto wetu. Falaki ya kutabiri ni kubahatisha, na tuiache. Na jua likipatwa, twendeni tukasali.