Kodi Ndogo, Nauli Kubwa: Kuchagua Mtaa wa Kuishi na Familia Johannesburg

Somo la leo ni la wale mlioishi muda mrefu kwenye chumba cha kuchangia, au chumba cha nyuma kwa bosi, na sasa mnataka kumleta mtoto, mke au mume mkae pamoja kama familia. Swali la kwanza huwa ni hili: "Wapi kodi ni nafuu?" Sisi tunasema hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nauli, la pili ni shule. Ukianza na kodi, unaweza kuhamia mahali ambapo pesa uliyodhani umeiokoa inaishia kwa dereva, na mtoto uliyemleta kwa shida unamwona usiku akiwa ameshalala.

1. Jua kazi ziko wapi

Mji huu ulipangwa makusudi ili mfanyakazi alale mbali. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi ilisukuma watu weusi pembezoni, na mpangilio ule bado tunauona hadi leo. Halafu kazi zenyewe zikahama. Hata soko la hisa liliondoka katikati ya mji likaenda Sandton mwaka 2000. Leo kazi nyingi za majumbani na za saiti ziko upande wa kaskazini: Sandton, Bryanston, Fourways, Midrand. Kwa hiyo kukaa town si lazima kuwe ni kukaa karibu na kazi. Kwa wengi wetu, town ni mahali pa kushuka teksi moja na kupanda nyingine, na kila ukibadilisha teksi unalipa upya.

2. Piga hesabu ya mwezi mzima

Hebu tuchukue mfano. Mama anafanya kazi za ndani Bryanston, baba ni fundi kwenye saiti Midrand. Tuseme wote wanalipwa kima cha chini cha Machi 2025, ambacho kilikuwa R28.79 kwa saa. Kwa saa 45 za wiki, kila mmoja anapata kama R5,600 kwa mwezi. Pamoja ni R11,200. Wanafanya kazi siku 22 kwa mwezi. Kodi na nauli tulizoweka hapa ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Mtaa wa kwanza: mbali kusini, upande wa Orange Farm. Kodi R1,000. Kila mmoja anatumia R50 kwenda na R50 kurudi, yaani R2,200 kwa mwezi. Kwa wawili ni R4,400. Jumla: R5,400.

Mtaa wa pili: Tembisa. Kodi R2,200. Mama anapanda teksi mbili, R36 kwenda na R36 kurudi, sawa na R1,584 kwa mwezi. Baba anapanda moja, R16 kwenda na R16 kurudi, sawa na R704. Jumla: R4,488.

Mtaa wa tatu: chumba kwenye fleti Yeoville. Kodi R3,000. Kila mmoja R36 kwenda na R36 kurudi, kwa wawili ni R3,168. Jumla: R6,168.

Umeona? Chumba cha R1,000 kimekula karibu nusu ya mapato ya familia. Cha R2,200 kimeacha R912 zaidi mfukoni kila mwezi. Hiyo ni pesa ya kutuma nyumbani, au ya kuweka akiba.

Sasa hesabu na saa. Ukitumia saa 2 kwenda na 2 kurudi, kwa mwezi ni saa 88. Ukitumia saa moja na robo kila upande, ni saa 55. Tofauti ni saa 33, na ndizo saa za kukagua madaftari ya mtoto na kula naye.

3. Shule kabla ya nyumba

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo soma taratibu.

Jimbo la Gauteng huandikisha watoto wa darasa la 1 na la 8 kwa mtandao, na dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka kwa ajili ya Januari inayofuata. Ukihamia Desemba ukitarajia nafasi Januari, utapewa shule iliyobaki, na mara nyingi iliyobaki iko mbali.

Kipaumbele hupewa mtoto anayeishi ndani ya eneo la shule, au mwenye ndugu yake tayari shuleni hapo. Lakini anwani ya kazi ya mzazi nayo inahesabika. Dada unayefanya kazi Bryanston, unaweza kuomba shule iliyo karibu na kazini kwako kwa barua ya mwajiri. Wengi hawalijui hili, na wengine wanaona aibu kumwomba bosi barua. Mwombe.

Uliza lugha ya kufundishia. Katika shule nyingi za vitongoji kama Tembisa na Soweto, madarasa ya mwanzo hufundishwa kwa isiZulu, Sepedi, Sesotho au lugha nyingine ya watoto wa pale. Mtoto aliyetoka Mbeya au Bukavu akiwa na Kiswahili peke yake atakuwa mgeni mara mbili. Watoto hujifunza haraka, kweli, lakini bora uamue ukijua. Ukichagua shule ya Kiingereza iliyo mbali, ongeza gari la wanafunzi. Tuseme ni R700 kwa mwezi: Tembisa yetu inapanda hadi R5,188, bado iko chini ya mtaa wa kwanza.

Kuhusu ada: shule za serikali ziko zisizolipisha kabisa, na ziko zinazolipisha. Zile zinazolipisha zina utaratibu wa msamaha kwa mzazi mwenye kipato kidogo. Ada ikifika asilimia 10 au zaidi ya mapato ya wazazi kwa mwaka, msamaha ni wa yote. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala.

Kuhusu karatasi: andaa cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, pasi au kibali chako, na uthibitisho wa anwani. Karatasi za mtoto zikiwa hazijakamilika, usikate tamaa. Desemba 2019 mahakama kuu ya Makhanda iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya msingi kwa sababu hana hati.

4. Tembelea mtaa mara mbili

Nenda mara moja Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri, uone foleni ya teksi na kama njia ina taa. Nenda tena Jumamosi usiku, uone mtaa ukoje watu wakishalewa.

Ongea na wageni wenzetu waliokaa pale miaka mitano au zaidi, hasa kina mama na wenye maduka. Waulize bila kuzunguka: vurugu za kufukuza wageni zilipotokea, hapa palikuwaje? Mwezi Mei 2008 zilianzia Alexandra zikasambaa, na watu zaidi ya 60 waliuawa. Lakini hata ndani ya kitongoji kimoja, mtaa huu uliwalinda wageni wake na ule haukuwalinda. Jina la kitongoji halitoshi kukwambia. Majirani ndio watakaokwambia.

Angalia pia kliniki ya kufika kwa miguu. Wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wana haki ya matibabu ya bure katika hospitali na kliniki za serikali, na mwaka 2023 mahakama kuu ya Johannesburg ilisisitiza kwamba wageni nao wamo.

Yeoville tumeiona ghali kwenye hesabu yetu, lakini ina Wakongo na Waafrika wengine wengi, na jirani wa kukuangalizia mtoto ukichelewa. Mayfair na Fordsburg kuna misikiti na madrasa. Mambo haya nayo yana thamani. Kama jirani anakuokolea R800 ya malezi, iandike kwenye hesabu.

5. Bei ya kutupwa, jiulize kwa nini

Tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso pale Marshalltown, katikati ya mji, liliungua usiku. Watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo Wamalawi na Watanzania. Lilikuwa jengo la kukatwa vyumba kwa mbao na maturubai, watu wamejazana. Waliokuwa wanalala humo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta kodi wanayoimudu, kama sisi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata randi moja, hesabu njia za kutokea. Kama mlango ni mmoja na madirisha yana nondo, usimlaze mtoto hapo.

6. Amana na risiti

Sheria ya upangaji ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba aweke amana yako mahali panapozaa riba, mkague nyumba pamoja siku ya kuingia na ya kutoka, na akupe risiti kila unapolipa. Ukitoka bila deni wala uharibifu, amana irudi ndani ya siku 7. Piga picha kuta, sinki na mita ya umeme siku ya kwanza. Mkigombana, baraza la nyumba za kupanga la Gauteng linasikiliza bure. Na hakuna wa kukutoa kwenye makazi yako bila amri ya mahakama.

Kwa dada anayekaa kwa bosi: mwajiri hawezi kukukata zaidi ya asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya chumba. Weka hilo kwenye hesabu kabla ya kuamua kuhama.

Kazi ya wiki hii

Chukua karatasi, andika mitaa mitatu. Kila mmoja uandikie kodi, nauli zote, gari la shule, umeme na saa za njiani. Kisha uonyeshe familia, hata walioko nyumbani, maana kuhama kunadai amana na kodi ya mwezi wa kwanza kwa pamoja, na mwezi huo huenda usitume kiasi kilekile. Waambie mapema, miezi mitatu kabla, wasije wakadhani umewasahau.

Na ile tofauti utakayoiokoa, kama R912 ya mfano wetu, ipangie kazi siku hiyohiyo ya mshahara. Pesa isiyo na kazi haikai.

Tunawatakia makazi mema.