Msitu Ulioketi Juu ya Msitu: Maswali na Majibu Kuhusu Mimea ya Matawini Katika Rwenzori

Msafiri aupandaye mlima wa Rwenzori kwa njia ya Ibanda, akiisha kuliacha lango la Nyakalengija na kuufuata Mto Mubuku kuelekea juu, hakawii kutambua kwamba mahali pale pana misitu miwili: mmoja uliosimama ardhini, na wa pili ulioketi juu ya matawi ya ule wa kwanza. Haya ndiyo maswali yaulizwayo aghalabu juu ya huo msitu wa pili.

Je, mimea hii humnyonya mwenyeji wake?

La. Ni lazima tuitenge na kirukia, ambacho hupenyeza mizizi yake ndani ya tawi na kunyonya maji ya mti, hata pengine tawi likafa. Okidi, makangaga, kuvumwani na likeni zilizoko matawini hushika gome tu, ili zipate mwanga ambao chini ya msitu mnene ni haba. Madhara yake ni uzito, kwani tawi bovu lililolowa laweza kuvunjika. Lakini mti ulio mzima huustahimili mzigo huo miaka na miaka.

Maadamu haina udongo, yapata wapi riziki?

Kwa mvua, kwa ukungu, na kwa vumbi liletwalo na upepo. Mizizi ya okidi imevikwa ngozi nyeupe yenye matundu, ambayo hufyonza maji mara yanapoigusa. Likeni nayo ni ushirika wa viumbe wawili, kuvu na mwani: mwani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na kuvu humhifadhi. Majani yaangukayo na mimea ifayo huoza pale pale katika maungio ya matawi, ikawa mboji. Fauka ya hayo, mtaalamu Nalini Nadkarni alieleza mwaka 1981, kutokana na misitu ya jimbo la Washington nchini Marekani, kwamba baadhi ya miti huotesha mizizi kutoka katika matawi yake yenyewe na kujilisha kwa mboji hiyo. Ndipo ilipodhihirika kuwa mpangaji naye hulipa kodi.

Kwa nini hukithiri katika miti mikongwe?

Kwa sababu kazi hii yataka muda. Gome la mti mchanga ni laini, na mbegu ya okidi, iliyo ndogo mfano wa vumbi, huteleza ikaanguka; tena mbegu hiyo haina akiba ya chakula, hata isipokutana na kuvu wa kuilisha haioti. Mti mkongwe una gome lenye nyufa, matawi mapana yaliyolala, na mboji iliyokusanyika kwa vizazi.

Je, mimea hii hubadilika kadiri mtu apandavyo?

Hubadilika sana. Kati ya mita 1,800 na 2,500 hivi, katika msitu wa miti mirefu, hustawi makangaga na okidi. Hufuata ukanda wa mianzi, na kupita mita 3,000 hivi huanza miti ya jamii ya Erica, iliyopindapinda na kufunikwa kuvumwani, huku likeni ziitwazo Usnea zikining'inia matawini mithili ya ndevu.

Haya yamnufaisha nini mkulima wa bondeni?

Yamnufaisha kwa maji. Tamás Pócs, mwanabotania wa Hungaria aliyeichunguza milima ya Uluguru huko Tanzania, alitangaza mwaka 1980 kwamba katika msitu wa ukungu hekta moja yaweza kubeba mimea ya matawini ya tani 14 hivi ikiwa mikavu, na kwamba mvua moja tu yaweza kuijaza maji yakaribiayo lita 50,000. Maji yaliyozuiliwa hivyo hayaporomoki yote kwa ghafula. Sehemu yake hudondoka polepole. Watu wa Kasese wategemeao Mubuku kwa mashamba ya umwagiliaji, na wale wa Bwera waishio kando ya Mto Lhubiriha, wote hunywa kutoka mlima huu huu wa Rwenzori.

Naweza kuchukua okidi nikaipanda nyumbani?

Ndani ya hifadhi, hasha. Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, na biashara ya okidi za mwituni baina ya nchi na nchi imewekewa masharti na mapatano ya kimataifa. Nje ya mipaka yake, mwenye shamba na autunze mti mkongwe uliosalia mpakani mwake. Miche ya kalitusi aliyoipanda itampa kuni na nguzo baada ya miaka michache, lakini haitamrudishia, katika umri wake wala wa mwanawe, yale yote yaliyokuwa yakiishi juu ya mti ule alioukata.