SOMO: TUMAINI LISILOKAA BURE

Kusoma: Yeremia 29:4-14, Warumi 8:24-25



Leo tunajifunza kwa mtu ambaye hakumwamini Mungu, lakini alikuwa mkimbizi kama sisi. Ernst Bloch alizaliwa Ujerumani mwaka 1885, Myahudi kwa kuzaliwa, mfuasi wa mafundisho ya Karl Marx. Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933 alikimbia, akapita nchi kadhaa, akafika Marekani mwaka 1938. Huko mke wake Karola alifanya kazi ya kulisha jamaa, naye akaandika kitabu kikubwa juu ya tumaini.

Alifundisha mambo haya:

1. Neno lake kuu ni "bado". Dunia haijakamilika. Tunayoyaona leo siyo yote yanayoweza kuwapo, na mwenye njaa anayeota maisha mengine si mpumbavu.

2. Ndoto ni za namna mbili. Moja inaelea hewani tu. Nyingine inachunguza lipi linawezekana, kisha inashika kazi.

3. Tumaini linaweza kuvunjika. Mwaka 1949 alikwenda Ujerumani Mashariki, akidhani ndoto yake iko huko. Mwaka 1957 wakubwa walimwondoa kazini. Ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961, alikuwa upande wa Magharibi, hakurudi tena. Mwaka huo huo alifundisha kwamba tumaini si hakika. Lisiloweza kuvunjika si tumaini.

Hapo ndipo tunaachana naye. Mwalimu wa kanisa Jürgen Moltmann alijifunza mengi kwake, lakini katika kitabu chake cha mwaka 1964 aliweka msingi wa tumaini juu ya Kristo aliyefufuka. Sisi pia tunasimama hapo.

Hata hivyo Bloch anatukemea. Wako kati yetu walioacha kupanda maharage, hata kupeleka watoto shule, kwa sababu wanangoja jina litoke ubaoni. Yeremia aliwaagiza wahamishwa wa Babeli wajenge na kupanda, na barua ile ile iliwaahidi kurudi. Kulima hapa si kusahau kwetu.

Maswali ya kujadili nyumbani:

a) Ndoto yetu ni ya namna gani kati ya zile mbili?

b) Wiki hii tutashika kazi gani inayolingana na tumaini letu?

Bwana awatie nguvu.