Baada ya Ajali: Tununue Pikipiki Nyingine au Tuache?



Zamani bodaboda ilikuwa baiskeli iliyovusha watu na mizigo mpakani Busia. Leo ni pikipiki, na imeingia katika nyumba nyingi za waumini wetu. Kuna baba anayebeba abiria stejini, kuna anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika alfajiri, kuna mwalimu na katekista wanaoitumia kufika vigango vya mbali. Pikipiki imelipa karo, imejenga nyumba za mabati, na imewahisha akina mama wajawazito hospitalini. Lakini pia imeleta vilio. Kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na waendeshaji wa pikipiki na abiria wao walikuwa wengi miongoni mwao.

Somo letu linawahusu wale ambao Mungu amewajalia kutoka katika ajali wakiwa hai. Mume amerudi nyumbani na mguu wenye plasta. Pikipiki imepinda, iko nyuma ya nyumba imefunikwa gunia. Mke anasema, "Baba watoto, hiyo kitu isirudi tena katika boma hili." Mume ananyamaza, lakini usiku anampigia simu rafiki yake kuuliza bei ya nyingine. Hapo ajali ya pili imeanza, nayo ni ya ndoa yenyewe. (Ikiwa mwendeshaji ni mke, mafundisho ni yale yale.)

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: uamuzi huu si wa mwendeshaji peke yake, wala si wa yule mwenye hofu zaidi. Ni uamuzi wa watu wawili waliofanywa mwili mmoja, na una utaratibu wake.

1. Msiamue mkiwa na maumivu

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu baada ya ajali si dhambi wala si udhaifu. Mtu anaweza kuota ajali usiku, au kutetemeka akisikia mlio wa honi. Mke naye anaweza kushtuka kila simu inapolia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye mwenyewe alivunjwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521 na akalala muda mrefu akiuguza jeraha, aliwafundisha watu kwamba wakati roho imejaa giza na mahangaiko si wakati wa kubadilisha maamuzi makubwa.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia. Yuko anayekimbilia kununua nyingine kabla ya jeraha kupona, kwa sababu mkopo unamdai na wenzake stejini wanamcheka. Haraka haraka haina baraka.

Kwa hiyo wekeni tarehe ya kuzungumza, na iwe baada ya daktari kuthibitisha kwamba majeruhi amepona. Ikiwa alipigwa kichwa, msidanganyike kwa kuwa kidonda kimefunga. Kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kusahausahau na hasira zisizo za kawaida ni dalili za kurudi hospitalini, na mtu wa namna hiyo hafai kuendesha chochote. Kabla ya tarehe hiyo msiuze, msinunue, msikope.

2. Ulizeni ukweli juu ya ajali

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanajadili pikipiki, lakini hawajadili ajali. Ketini wawili, bila watoto, na mume aeleze kila kitu kilivyokuwa. Alikuwa na mwendo gani? Alikuwa amekunywa? Taa ilikuwa inawaka? Breki zilikuwa nzima? Alikuwa amebeba abiria wangapi? Alikuwa amelala saa ngapi usiku uliotangulia?

Mama, usiulize kama hakimu. Baba, usijibu kama mshtakiwa anayetafuta njia ya kuponyoka. Mnatafuta jambo moja tu: je, chanzo cha ajali ni kitu mnachoweza kukibadilisha? Taa mbovu hutengenezwa. Kazi ya usiku huachwa. Barabara moja yenye malori mengi inaweza kuepukwa. Lakini ikiwa chanzo ni pombe, na pombe bado ipo, basi pikipiki mpya ni njia mpya ya kwenda pale pale. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha wazi kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi anabeba hatia nzito. Huyo aanze na kitubio na kuacha pombe. Mambo ya pikipiki yatafuata baadaye.

3. Pigeni hesabu

Mali bila daftari huisha bila habari. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye ni lazima kwanza aketi apige hesabu. Chukueni karatasi.

Tuseme, kwa mfano tu, mwendeshaji anapata shilingi 1,200 kwa siku na anafanya kazi siku 26. Hizo ni 31,200 kwa mwezi. Petroli ya shilingi 400 kwa siku ni 10,400. Oili, tairi na fundi tuweke 2,600. Mkopo wa pikipiki wa shilingi 450 kwa siku ya kazi ni 11,700. Zinazobaki ni 6,500, na bado hamjalipa bima wala ada ya stejini. Kibarua wa shilingi 500 kwa siku, akifanya siku 20 tu, anapeleka nyumbani 10,000. Lakini mkopo ukiisha, mwendeshaji yule yule anabaki na 18,200.

Mnaona? Pikipiki ya mkopo hulisha familia vizuri baada ya mkopo kuisha. Basi ulizaneni kama mtafika huko. Na mjue kwamba deni la kila siku ndilo linalomfanya mtu aende mbio, abebe abiria watatu, na arudi nyumbani saa sita za usiku. Deni kubwa na usalama havikai pamoja kwa urahisi.

Angalieni pia mambo haya. Je, mkopo wa pikipiki iliyovunjika umekwisha? Mikopo miwili kwa pikipiki moja inayotembea ni mzigo wa kuvunja nyumba. Je, bima ni ya namna gani? Bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria inailazimisha, huwalipa wengine uliowaumiza; hailipi pikipiki yako. Je, fundi mwaminifu ameikagua ile ya zamani? Kama chesesi imepinda, msikubali inyooshwe kwa nyundo na kupakwa rangi. Na je, familia imejiandikisha na kulipa SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF? Kwa asiye na mshahara mchango mdogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kitanda cha hospitali kimewamalizia wengi shamba.

4. Sikilizeni kilicho chini ya maneno

Mke anaposema "uza," mara nyingi anachosema ni, "Naogopa kubaki mjane na watoto hawa." Mume anaposema "nitanunua," mara nyingi anachosema ni, "Naogopa kukaa nyumbani kama mtu asiyefaa kitu." Hofu hizi mbili zote ni za upendo. Mkizitaja kwa majina yake, ugomvi utapungua hata kabla ya uamuzi.

Mama, usimpime mumeo kwa kile anacholeta mfukoni. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ana thamani kuliko kazi anayoifanya. Baba, usinunue kwa siri. Pikipiki iliyonunuliwa kwa siri ni uongo unaoegeshwa mlangoni kila jioni.

Mkishindwa kuelewana, msiende kwa majirani wala kwa wazazi wa upande mmoja. Waiteni wasimamizi wa ndoa yenu, au mwoneni Padre. Kazi yao si kuamua badala yenu, ni kuwasaidia msikilizane.

5. Mkiisha kuamua

Mkiamua kuendelea, wekeni masharti na muyaandike. Helmeti iliyogonga chini itupwe hata kama haina ufa, kwa maana sifongo ngumu iliyo ndani huwa imeshapondeka na haiwezi kukinga mara ya pili. Utafiti umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendeshaji anayegonga kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Helmeti na jaketi ya kung'aa vivaliwe kila safari, na abiria awe mmoja, kama sheria ya trafiki inavyotaka. Semeni pia saa ya mwisho ya kuwa nyumbani. Jumapili iwe ya Misa na ya kupumzika. Na baada ya miezi sita, ketini tena.

Mkiamua kuacha, jueni kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini msiache kabla ya kujua mtashika nini. Yule aliyezoea pesa za kila siku atapata shida kungojea mavuno. Chama, ng'ombe wa maziwa, kibanda cha kutengeneza pikipiki za wengine, vyote vinahitaji mtaji na subira. Familia ikubali kula kidogo kwa muda.

Na mkiisha kuamua, neno "nilikuambia" lifungiwe nje ya nyumba yenu. Kama mambo yatakuwa magumu, hayo ni magumu yenu wawili. Siku ile altarini hamkuahidiana afya peke yake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika Jumuiya

1. Katika nyumba yetu, nani huamua juu ya vitu vikubwa, na mwingine hujua lini?
2. Ajali ile ilitokana na nini hasa, na tumebadilisha nini tangu siku hiyo?
3. Tukiondoa pikipiki leo, kipato chetu ni kiasi gani? Tukiondoa deni?
4. Jumuiya yetu imemsaidiaje mwenzetu aliyeumia, zaidi ya kumtembelea mara moja?

Sala

Ee Mungu Baba, tunakushukuru kwa uhai uliotuachia. Utuondolee hofu inayofunga macho na haraka inayofunga masikio. Utufundishe kuhesabu pamoja na kuamua pamoja. Mtakatifu Yosefu, uliyeilinda familia yako safarini kwenda Misri, utuombee. Amina.